Kadi za Ghorofa ya Sita

Niliingia bafuni kujaza jagi la maji. Hakuna zaidi. Ua langu la dirishani lilikuwa limeanza kuchanua, na jioni ile nikakumbuka kuwa sijalinywesha tangu Jumapili. Nje mvua ya barafu ilikuwa ikigonga vioo, na ziwa, ambalo kwa kawaida naliona lote kutoka ghorofa ya sita, lilikuwa limemezwa na kijivu. Nilisukuma mlango wa bafu kwa kisigino, ukajifunga. Nikafungua bomba.

Taa ikazimika.

Sikushtuka. Hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, umeme hukatika kila barafu inapoelemea nyaya, na mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimezika mume hapa. Nilifunga bomba, nikageuka gizani, nikapapasa mpaka nikakipata kitasa cha mlango. Nikakizungusha.

Kikatoka.

Nikabaki nacho mkononi, kizito, baridi, cha duara kama limau. Upande wa pili nikasikia kitasa chenzake kikianguka sakafuni... kikabiringika... kikatulia. Nikatia kidole kwenye tundu. Mle ndani hupita chuma chembamba kinachounganisha vitasa viwili. Hakikuwamo. Kilikuwa kimeanguka pamoja na kile cha nje.

Hata hapo sikuogopa. Nilivuta kamba ya dharura iliyo kando ya choo, nikakumbuka kuwa nayo inatumia umeme. Kile kidude cha kuvaa shingoni, cha kuita msaada, kilikuwa kimening'inia kwenye kona ya kioo cha chumbani, mahali pake pa siku zote, maana kukivaa kunanifanya nijione ng'ombe mwenye kengele. Simu ilikuwa kitandani. Basi nikakaa juu ya kifuniko cha choo, nikacheka peke yangu. Kesho asubuhi, nilijiambia, kadi itakuwa bado mlangoni. Watakuja.

Jengo letu lilikuwa hoteli. Hoteli Marquand, ya enzi za matajiri wa mbao na chuma. Ikaja ikafa, ikakaliwa na njiwa, kisha wakaikarabati na kutupangisha sisi wazee. Ukumbi wa dansi ukawa mahali pa kunyoosha viungo. Milango ya mwaloni na vitasa vya shaba viliachwa kwa ajili ya historia, na kuta pia. Kijitabu cha matangazo kilizisifu sana kuta zile: nene, hazipitishi kelele. Hakuna aliyejiuliza hilo lina maana gani kwa mtu anayeita.

Kila jioni mhudumu hupita na kutundika kadi kwenye kitasa cha kila mlango, kadi ya njano yenye picha ya jua. Ukiamka unafungua mlango, unaitoa. Saa nne asubuhi mhudumu anapita tena. Mlango usio na kadi, mwenyewe ni mzima. Mlango wenye kadi unagongwa, na usipojibu unafunguliwa kwa ufunguo wa akiba. Ndiyo njia yetu ya kuambiana, bila kusumbuana, kwamba bado hatujafa.

Ni utaratibu mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo lilikuwa na jina.

Lempi.

Lempi Niskanen alikaa chumba kinachopakana na changu. Alikuwa binti wa Wafini wa machimboni, na aliingia Marquand akiwa msichana mdogo, kufanya kazi ya vyumba. Alipandia lifti ya wafanyakazi iliyo nyuma ya jiko, kwa kuwa ile ya mbele haikuwa ya watu kama yeye. Ghorofa aliyopewa ilikuwa hii yetu. Alitandika vitanda vyake mpaka hoteli ilipofungwa. Uzeeni akauza nyumba aliyoachiwa na mumewe, akarudi kama mpangaji.

"Siku ya kwanza nilipanda lifti ya mbele," aliniambia. "Nikashuka. Nikapanda tena. Nikashuka. Yule binti wa mapokezi akaniuliza, bibi, umepotea? Nikamwambia, hapana mwanangu, nimefika."

Na alikuwa ameapa. "Kitanda cha mtu mwingine sitandiki tena, Ardis. Hata wewe ukiugua, shoga yangu, utalala juu ya mikunjo yako hivyo hivyo."

Lakini miguu yake haikuapa. Aliamka alfajiri kama zamani, akavaa viatu vyake vya sufu, akaoga kwa ile sabuni yake nyeusi ya lami ya msonobari, ambayo harufu yake ilimtangulia na kumfuata, kisha akapita korido nzima akizitoa kadi zetu vitasani na kuzitelezesha chini ya milango.

Shwaaa.

Shwaaa.

Ili tulale.

"Watu wazima wanaamshwa na kadi kama wafungwa!" alisema. "Mgeni kalipa. Mwache alale."

"Na kama ndani kuna maiti?" nikamuuliza.

"Basi huyo ndiye mwenye usingizi kuliko wote. Namwamshia nini?"

Tulicheka mpaka Verner Ruud, mzee wa mlango unaotazamana na wangu, akatokeza kichwa kuuliza tunacheka nini. Alikuwa hajaweka vifaa vyake vya masikio, kwa hiyo tulimweleza mara mbili na bado akacheka mahali pasipo.

Kuna hadithi moja ya Lempi ambayo ni lazima niisimulie hapa. Alinisimulia siku kitasa cha bafu lake kilipolegea. Zamani, alisema, mchuuzi mmoja wa mashine za kushonea alifungiwa na kitasa cha namna hii hii, ndani ya bafu, huku nje ya mlango wake ametundika kadi ya Usisumbue.

"Alipiga kelele?"

"Alipiga! Nilimsikia vizuri."

"Na hukuingia?"

"Kadi ilikuwa mlangoni, Ardis. Kwetu kadi ilikuwa amri. Msichana aliyefungua mlango wenye kadi alikuwa anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Nikasimama pale na mafagio yangu. Ananiita, msaada, msaada. Msaada si kazi yangu."

"Ee Mungu. Ikawaje?"

"Mwishowe akapata akili. Akasema, msichana, ingia usafishe chumba. Hilo sasa neno. Neno la mgeni linaishinda kadi. Nikaingia, nikamfungulia, nikasafisha." Akakunja uso. "Ubaya wake, mgeni akikuita kwa mdomo wake, chumba kinakuwa chako mpaka atakapoondoka. Ndiyo ilikuwa sheria ya ghorofa. Yule bwana alikaa majira yote ya baridi. Kila siku namkunjia hata ncha ya karatasi ya chooni, pembetatu, kama bahasha. Nani anahitaji bahasha chooni?"

Alikuwa na ombi moja pia, na hili alilisema bila kucheka. "Kwetu mtu akifa unafungua dirisha. Hata kama nje kuna theluji. Roho haijui kupanda lifti."

Alifariki mwishoni mwa Novemba, usingizini. Daktari alisema ilikuwa mapema usiku. Walimkuta mchana, alipokosekana kwenye karata. Nilimwomba Tammy wa mapokezi afungue dirisha.

"Bi Ardis, yamekazwa kwa skrubu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka, kwa hiyo simlaumu. "Yote. Ni ya bima. Na Duane wa matengenezo yuko likizo mpaka wiki ijayo."

Wakamshusha kwa lifti ya wafanyakazi. Machela haikuenea kwenye ile ya mbele.

Ni jioni, nikiwa nimekaa na chai ambayo sikuinywa, ndipo jambo liliponijia. Asubuhi ile kadi yangu ilikuwa imetelezeshwa chini ya mlango. Niliikanyaga nilipoamka. Na kadi ya Verner. Na kadi za korido nzima. Mlango wa Lempi mwenyewe haukuwa na kadi, ndiyo maana saa nne hakugongewa.

Naye alikuwa amekufa tangu usiku.

Sikumwambia mtu. Mtu ambaye amefundisha jiografia maisha yake yote hukimbilia maelezo mepesi kwanza: daktari amekosea saa. Lakini kesho yake, shwaaa. Na kesho kutwa. Wiki ya pili Verner akanisimamisha koridoni.

"Mwalimu, ubarikiwe kwa kuendeleza kazi ya marehemu."

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

"Mimi niiname mpaka sakafuni? Nikishuka kule mtanipandisha kwa kamba."

Tukatazamana. Mlango wa Lempi ulikuwa kati yetu na dirisha la mwisho, umefungwa.

"Atakuwa yule mama wa kule pembeni," alisema Verner.

"Atakuwa yeye."

Hakuna kati yetu aliyekwenda kumuuliza.

Hayo yote niliyakumbuka pale juu ya kifuniko cha choo, kitasa mapajani, na kicheko kikakauka. Kama kadi yangu ingetolewa alfajiri, saa nne mlango wangu ungekuwa safi. Mlango safi ni mtu mzima. Hakuna ambaye angebisha kesho, wala kesho kutwa. Mwanangu yuko mbali na hupiga simu Jumapili.

Nikaanza kupiga kelele.

Bafu la hoteli liko palepale unapoingia chumbani, hatua chache tu kutoka koridoni. Lakini kati yangu na korido kulikuwa na milango miwili ya mwaloni, na koridoni watu ambao wengi wao husikia kwa mashine. Niligonga bomba la mvuke kwa kile kitasa. Ngo, ngo, ngo. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikakumbuka kuwa mabomba ya jengo hili hugonga yenyewe majira yote ya baridi, na kwamba mimi mwenyewe, nikiyasikia, hugeuka upande wa pili nikalala.

Bomba likaanza kupoa. Umeme ndio uliokuwa ukisukuma mvuke. Nilijifunga taulo zote, nikalala ndani ya sinki la kuogea kama mtoto kwenye beseni.

Sijui nililala kiasi gani. Nilipofumbua macho, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu chini ya mlango.

Asubuhi.

Nikasikiliza. Jengo lilikuwa kimya kama lililojazwa pamba. Kisha, kule mwisho wa korido... ndogo sana...

Shwaaa.

Viatu vya sufu juu ya zulia. Vinasimama. Shwaaa. Vinasogea. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaweka shavu sakafuni. Shwaaa, mlango wa jirani. Vinasogea tena. Vikasimama kwangu.

Na harufu ikaingia kwenye upenyo. Lami. Moshi wa msonobari.

"Lempi," nikasema. Sauti ilikuwa imenikauka, ikatoka mnong'ono. "Lempi, ni mimi. Iache hiyo kadi. Usiitoe, tafadhali. Nimefungiwa. Iache."

Viatu havikusogea.

Alikuwa akinisikia. Mtu anayesikiliza ana uzito wake kwenye hewa, huo huo nilioujua darasani kabla mtoto hajajibu.

"Lempi... msaada."

Kitasa cha mlango mkubwa kikatoa mlio mdogo, ule wa kadi inapochomolewa. Shwaaa. Kadi ikapita chini ya mlango mkubwa, ikateleza juu ya zulia, ikaja ikasimama hapo hapo, kona yake ya njano imeingia chini ya mlango wa bafu, kwenye shavu langu.

Viatu vikaenda kwa Verner.

Nililia wakati huo, siwezi kusema uongo. Si kwa kuogopa mzimu. Nililia kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Baadaye nilikuja kujua siku ile ilivyokwenda. Barabara zilikuwa kioo kitupu, mpishi hakufika, wahudumu hawakufika, Tammy alikuwa peke yake kwenye jengo zima tangu jana yake. Saa nne alipanda ngazi akiwa na tochi, akamulika korido ya sita kutoka mlango wa ngazi. Hakuona njano hata moja. Akamshukuru Mungu, akashuka kwenda kuwapasha supu wale walioweza kuteremka. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Jioni akapanda tena akatundika kadi mpya, na nilipomsikia nikapiga kelele kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama ya mlango unaolia. Alidhani ni mlango unaolia.

Maji nilikuwa nayo. Chakula nilikuwa na dawa ya meno. Baridi ndiyo iliyokuwa ikinila. Kuanzia mchana nilikuwa siisikii miguu yangu, na kutetemeka, ambako kulikuwa kumenichosha, kukakoma. Nilifundisha watoto kuhusu nchi za baridi. Najua kutetemeka kukikoma maana yake nini.

Kule gizani nilimfikiria Lempi kwa muda mrefu, na sikumkasirikia. Alikuwa amesimama nje ya mlango, na kwake kadi ilikuwa mlangoni, na msaada haukuwa kazi yake. Kifo kilikuwa kimemrudisha pale pale alipokuwa msichana, kwenye zulia la ghorofa ya sita, na sheria zake zote. Nilijua neno linaloishinda kadi. Alinipa mwenyewe, akicheka, mkononi ana kikombe changu.

Na nilijua bei yake. Kitanda cha mtu mwingine sitandiki tena, Ardis.

Nilijiambia sitalitamka. Yule alikuwa rafiki yangu. Alipanda lifti ya mbele, akashuka, akapanda tena. Nilijiambia hivyo mpaka mstari wa kijivu ukarudi chini ya mlango, na vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama mishumaa, na nikatambua kuwa nilikuwa nimeanza kuona joto. Joto zuri. La usingizi.

Shwaaa, kule mwisho.

Shwaaa.

Viatu vya sufu.

Vikasimama kwangu. Harufu ya lami. Ule mlio mdogo wa kadi.

"Msichana," nikasema.

Mlio ukakatika.

"Msichana. Ingia usafishe chumba."

Sikusikia ufunguo. Sikusikia mnyororo wa mlango, ambao huwa naufunga daima na ambao hupiga kelele kama minyororo ya mashua. Nilisikia zulia tu, likibonyea chini ya mguu... na mwingine. Mstari wa kijivu chini ya mlango ukaingia giza sehemu mbili.

Miguu miwili.

Imesimama.

Kitu kikaokotwa sakafuni. Chuma kikapita kwenye tundu, karibu na uso wangu, kwa subira, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha mnong'ono, wa karibu sana, wa Kiingereza chake kile kile cha kuburuta, lakini sauti changa, ya binti:

"Samahani kwa kuchelewa, bibi."

Mlango ukafunguka.

Hapakuwa na mtu. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa chumbani, na barafu kwenye dirisha ilikuwa inang'aa. Kitanda changu, ambacho siku ile ya jagi nilikuwa nimekiacha kimevurugika, kilikuwa kimetandikwa, shuka limebanwa kwenye pembe kwa ule mkunjo wa kihoteli ambao sijawahi kuuweza. Mnyororo wa mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Kwa ndani.

Ilibidi niutoe mwenyewe, kwa meno, ili nitoke koridoni kumwita Verner.

Tammy alinikalisha kwenye blanketi na kulia kuliko mimi. Daktari alisema baridi ya namna ile huwafanya watu wasikie sauti na wafanye mambo wasiyoyakumbuka, pamoja na kutandika vitanda. Huenda. Duane alikuja na bisibisi yake, akakitazama kitasa cha bafu, akakizungusha, akakitazama tena.

"Mama, umesema hiki kilitoka?"

"Kilitoka."

"Skrubu yake imekazwa. Na kuna kijiti cha kiberiti kimesokomezwa tunduni ili isilegee. Nani alikufundisha hilo? Hilo ni la watu wa zamani."

Nilimwomba kitu kingine. Chumba cha Lempi kilikuwa kinapakwa rangi kwa ajili ya mpangaji mpya. Nikamwambia alichoniomba Lempi, na skrubu, na bima. Duane ni mtu wa maneno machache. Alijikuna shingo.

"Harufu ya rangi ni mbaya kwa afya," alisema mwishowe. "Mtu akiniuliza, nilihitaji hewa."

Alifungua dirisha lile wazi kabisa. Lilikaa wazi kutwa nzima. Baridi ya ziwa iliingia koridoni, na Verner akatoka kulalamika, akaelezwa, akavua kofia yake akasimama nasi. Mapazia yalivutwa nje, yakabaki yakipepea huko kama yanaaga. Nilisema kimoyomoyo: nenda, Lempi. Umefika.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na shwaaa.

Niliamka, nikaenda mlangoni, nikaiona kadi yangu bado imening'inia kitasani, na zote za korido zimening'inia, jua dogo la njano kwenye kila mlango. Nikaitoa kwa mkono wangu. Verner naye alikuwa akiitoa yake, nywele zimesimama.

"Sasa nani ataniacha nilale?" akalalamika.

"Kalale tu, mzee. Saa nne watakugongea."

Nilikuwa mwepesi. Niliimba, mimi ambaye siimbi. Nikaingia bafuni kunawa uso, mlango nimeuzuia kwa kiti kama nifanyavyo siku hizi.

Taulo zilikuwa zimekunjwa mara tatu, kingo zimelingana.

Palinuka lami.

Ncha ya karatasi ya chooni ilikuwa imekunjwa. Pembetatu. Kama bahasha.

Nilitoka nikarudi chumbani polepole. Kitanda nilichokuwa nimetoka kukiacha, ambacho nadhani bado kilikuwa na joto la mwili wangu, kilikuwa kimetandikwa.

Dirisha lilikuwa limefunguliwa, na angeweza kwenda. Lakini nilikuwa nimemwita kwa mdomo wangu.

Tangu hapo nimemwambia mara nyingi kuwa kazi imekwisha, kuwa nashukuru, kuwa yeye ni Lempi Niskanen mpangaji wa ghorofa ya sita na si msichana wa mtu. Namwambia kwa sauti. Hajibu. Wasichana wa vyumba walifundishwa kutojibu. Mwanangu ananitaka nihamie kwake, na yeye wala mkewe hawajui kwa nini nasita. Sheria ilisema chumba ni cha msichana mpaka mgeni aondoke, na mtu akitoka asubuhi na kurudi jioni hajaondoka. Kuondoka ni kuondoka. Huenda nikiondoka atakuwa huru. Huenda atanifuata na taulo. Hilo hakunisimulia.

Duane amenilegezea skrubu za dirisha langu. Nimemwonyesha Tammy, nimemwonyesha Verner: siku ikifika, hili ndilo la kufungua, na mliache wazi muda mrefu. Ni la watu wawili.

Kwa sasa alfajiri nikizinduka sisikii tena viatu koridoni. Havipo koridoni. Viko hapa, kwenye zulia, upande wa miguuni mwa kitanda, vimetulia. Nafumba macho na kupumua kama aliyelala.

Anangoja niinuke, atandike.